Sauti ya Yule Aliyebaki

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 13:1–5

Tunawasalimu kutoka hapa Machakos, ninyi mlio majumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi mliolazwa hospitalini ambao redio ndogo kando ya kitanda ndiyo mgeni wenu wa jioni.

Leo hatuanzi na nabii wala mtume. Tunaanza na mwanamke wa Marekani, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, ambaye wengi wenu mmemsikia hata kama jina lake hamlijui. Waliokua wakisikiliza idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, wanakumbuka kipindi cha Sundowner na zile nyimbo za kantri zilizoimbwa polepole wakati jua linashuka. Palikuwa na Jim Reeves, palikuwa na Charley Pride na Don Williams. Na palikuwa na sauti moja ya kike, nyembamba, kama ya msichana aliyetoka kulia sasa hivi. Huyo ndiye Skeeter Davis.

Kuna ndugu watakaouliza nyimbo hizo za dunia zinatafuta nini katika saa ya ibada. Swali ni halali. Lakini hapa Ukambani kantri haikupokewa kama kitu kigeni. Inasimulia mambo tunayoyajua: mvua iliyokataa, ng'ombe waliokwisha, mama aliyebaki kijijini, kijana aliyekwenda mjini asirudi. Mzee aliyelima milimani Iveti maisha yake yote hahitaji mkalimani ili aelewe huzuni ya mkulima wa Kentucky. Basi vumilieni nasi kidogo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mary Frances Penick. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1931 mahali paitwapo Dry Ridge, katika jimbo la Kentucky, kifungua mimba wa watoto saba. Miaka ile ilikuwa ya dhiki huko Marekani. Kazi zilikuwa haba na wakulima walikuwa taabani. Mtoto huyu hakujua kutulia. Babu yake alipomwona akirukaruka huku na huku akamwita Skeeter, neno ambalo watu wa mashambani kule hulitumia kwa mbu. Sisi tunaolala ndani ya neti tungefikiri mara mbili kabla ya kumwita mjukuu wetu hivyo, lakini jina lilishika, na ndilo lililoandikwa kwenye santuri zake.

Shuleni alipata rafiki, Betty Jack Davis. Walipenda kuimba pamoja. Hawakuwa ndugu wa damu, ila walijiita The Davis Sisters, yaani akina dada Davis, na Skeeter akalichukua jina la ukoo wa rafiki yake likawa lake hadi kufa. Betty Jack alishika sauti ya kwanza. Skeeter alishika ya pili, ile inayopanda juu. Wanakwaya wanaotusikiliza wanaelewa maana ya jambo hilo. Mtu wa sauti ya pili hawezi kuimba akijisikiliza mwenyewe. Humfuata mwenzake pumzi kwa pumzi; hujua atakapovuta neno na atakapoliachia. Ukimwondoa mwenzake, mara nyingi hata wimbo wenyewe hajui unaanzia wapi.

Mwaka 1953 waliirekodia kampuni ya RCA Victor wimbo uitwao I Forgot More Than You'll Ever Know. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, walipokuwa wakirudi nyumbani usiku baada ya kuimba, karibu na mji wa Cincinnati, dereva mmoja alishikwa na usingizi kwenye usukani. Betty Jack alikufa. Skeeter alitolewa na majeraha mabaya. Alikuwa na miaka 21.

Na ule wimbo? Ulipanda. Ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri, ukakaa pale majuma nane. Hebu wazeni jambo hilo. Nchi nzima inawasikiliza wasichana wawili wakiimba, kumbe mmoja yuko kaburini na mwingine hajapona mwili wala moyo. Kila mahali redio inapofunguliwa, sauti ya marehemu inaimba, na yeye yupo pale kando yake akiitikia.

Wasikilizaji, sisi wa Machakos tunaijua njia itokayo hapa hadi Kyumbi na kuingia barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Tumewazika wengi wa barabara hiyo. Tumeweka maua, tumechanga fedha, tumesimama na wajane. Lakini leo hatutaki kusema na wafiwa peke yao. Tunataka kusema na yule aliyetoka. Yule aliyekuwa kiti cha nyuma. Yule aliyebadilishana kiti na mwenzake pale steji kwa sababu alitaka kukaa dirishani.

Watu humjia mtu huyo na kumwambia, Mshukuru Mungu, alikuponya kwa sababu ana kusudi nawe. Ni maneno mema, na wayasemayo wana nia njema. Lakini usiku, akiwa peke yake, huyageuza upande wa pili: ikiwa Mungu alikuwa na kusudi nami, je, na yule aliyekaa ubavuni pangu hakuwa na kusudi naye? Hilo ni swali zito, na sisi hatutaki kulifunika kwa haraka.

Tuliwahi kumtembelea kijana mmoja wa namna hiyo, mwanakwaya. Tangu ajali alikuwa hajaingia kanisani. Imani hakuiacha. Alichoshindwa ni kusimama katika mstari wa kwaya na kusikia pengo upande wake wa kushoto. Viongozi wa ushirika wake walikuwa wamemwandikia barua ya kumkumbusha wajibu. Hakuijibu. Siku tulipokwenda hatukumsomea kitu. Tulikunywa chai na mama yake akatuonyesha mahindi yaliyokuwa yanakauka shambani. Ilikuwa mara ya tatu tulipoenda ndipo akatuuliza, Kwa nini mimi?

Fungueni Luka 13. Watu walimletea Bwana Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye akaongeza habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane. Akawauliza kama wanadhani waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini tazameni upande wa pili. Hakusema kwamba waliopona walikuwa bora zaidi. Hakuna mtu aliyepewa hesabu ya kwa nini mnara ulimwangukia huyu ukampita yule. Walio hai aliwataka watubu, wote, na papo hapo akawaambia mfano wa mtini uliopewa mwaka mmoja zaidi na samadi shinani. Mtini ule haukupewa kwa sababu ulistahili. Ulipewa mwaka, basi, na mtunza shamba akaingia kazini.

Skeeter alifanya nini na mwaka wake? Kwanza alijaribu kurudi kule alikotoka. Aliimba na Georgia, dada ya marehemu, kwa jina lile lile la akina dada Davis, mpaka mwaka 1956. Twaweza kumwelewa. Nani hajajaribu kukijaza kiti kilichoachwa wazi kwa kumweka mtu mwingine wa nyumba ile ile?

Baadaye akaanza kuimba peke yake, akiongozwa na Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyesimamia rekodi za RCA huko Nashville. Na hapo ndipo penye jambo lililotufanya tuandae mazungumzo haya. Katika rekodi zake nyingi Skeeter aliimba kwanza sauti ya kwanza. Kisha ule utepe ukapigwa tena, naye akasimama mbele ya kipaza sauti akaimba juu yake sauti ya pili. Ndiyo maana ukimsikiliza husikia wanawake wawili. Wote wawili ni yeye. Mtu wa sauti ya pili alilazimika kujifunza sehemu ya rafiki yake, kisha akaiitikia mwenyewe.

Mtu atasema ni ufundi wa studio tu, walitaka kuirudisha ladha ya zile santuri za kwanza zilizopendwa. Ni kweli, ulikuwa ufundi. Lakini kazi ya mikono mara nyingi huponya mahali ambapo hotuba hazifiki. Tulipomsimulia yule kijana habari hii alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza, Ilimwuma? Tukamwambia kwamba hatukuwapo, lakini twadhani ilimwuma.

Mwaka 1959 alipata umaarufu kwa wimbo Set Him Free, ambao yeye alikuwa mmoja wa watunzi wake, na mwaka huo huo akaingizwa katika Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza mwaka 1925 na ambacho kwa mwimbaji wa kantri ndicho kilele. Aliandika karibu nyimbo 70 katika maisha yake. Hata hivyo ule uliomfikisha kwetu haukuwa wa mkono wake. Ni The End of the World, yaani Mwisho wa Dunia, uliorekodiwa mwaka 1962. Mwaka 1963 ulifika nafasi ya pili katika orodha ya kantri ya Marekani na vilevile katika orodha ya nyimbo zote zilizopendwa. Maneno yake yaliandikwa na Sylvia Dee kutokana na huzuni aliyoipata alipofiwa na baba yake akiwa msichana, na muziki ni wa Arthur Kent. Wanaousikia hudhani ni wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, na ndivyo unavyoimbwa, lakini chini yake kuna matanga. Mwimbaji anashangaa kwamba mambo yote yanaendelea kama jana. Kuna mahali anaacha hata kuimba, anasema tu.

Tumewasikia watumishi wakiulaumu wimbo huo kwamba hauna tumaini. Kweli, hauna. Lakini someni Zaburi ya 88. Mwenye zaburi analia mchana na usiku, anamwambia Mungu kwamba amemweka mbali na marafiki zake, na zaburi inakwisha gizani. Haina mstari wa furaha mwishoni. Waliotukabidhi Maandiko hawakuuongeza. Sisi wahubiri ndio tunaouongeza, tena upesi. Jeneza halijafika kaburini nasi tumekwisha kumwambia mama asilie, kana kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Bwana wetu mwenyewe alikuwa anajua kwamba baada ya dakika chache atamwita Lazaro atoke, na bado alilia. Kama mama anaimba wimbo wa Skeeter Davis akiosha vyombo, mwachenini aimbe. Huenda ndiyo zaburi yake ya 88, na Mungu hashindwi kuisikia.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wapenzi wengi wa nyimbo zake hawaijui.

Miaka ile ya mwanzo wa 1970 kulikuwa na vijana wengi Marekani waliookoka kutoka katika maisha ya mitaani na madawa ya kulevya. Walikuwa na nywele ndefu, walitembea na Biblia, walishuhudia popote. Makanisa mengi hayakujua wawafanyie nini. Nywele ziliwasumbua kuliko walivyofurahia toba. Mnamo Desemba 1973 polisi wa Nashville waliwakamata baadhi ya vijana hao katika jengo la maduka, ambako walikuwa wakiwaambia watu waliokuja kununua vitu kwamba Yesu anawapenda. Jumamosi moja mwezi huo Skeeter Davis alisimama katika jukwaa la Opry, kipindi kikiwa hewani, akasema kwamba jambo hilo linamlemea moyoni, akawaimbia wale vijana wimbo.

Wakuu wa kipindi walimsimamisha. Hawakutaka jukwaa lao litumiwe kuwalaumu polisi.

Kuna jambo la ajabu hapa, nasi hatuwezi kulipita. Jumba la Ryman, ambamo Opry ilikuwa ikitangazwa wakati ule, halikujengwa kwa ajili ya magitaa. Lilifunguliwa mwaka 1892 kama hema kubwa la Injili, kwa bidii ya Thomas Ryman, mwenye meli za mtoni aliyeguswa na mahubiri ya mwinjilisti Sam Jones. Viti vyake vilikuwa mabenchi ya kanisa. Katika nyumba iliyojengwa ili watu waambiwe kwamba Yesu anawapenda, mwanamke alipoteza nafasi yake kwa kuwatetea waliosema hivyo dukani.

Hatusemi kwamba kila mwimbaji akishika kipaza sauti awe hakimu. Askari nao wana upande wao, na mwenye duka anayo haki ya kutaka mlango wake uwe wazi. Pale steji yetu ya matatu tumewaona wahubiri wenye vipaza sauti vikubwa wanaomfanya mgonjwa akose usingizi, tukawaombea hekima. Lakini someni Matendo 16. Paulo na Sila walikokotwa sokoni mbele ya wakuu wa mji wa Filipi, wakashtakiwa kwamba wanauchafua mji, na usiku wakaimba gerezani. Wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Kuna wakati mtu aliye huru hana budi kuuliza aliyefungwa amefungwa kwa nini. Skeeter aliuliza, na akauliza mahali ambapo kuuliza kungemgharimu. Angeweza kuwaombea nyumbani kimya kimya, akaimba nyimbo zake mbili, akalala na kazi yake salama.

Alipata hasara. Mialiko mingine ya kuimba ilifutwa. Akaanza kuimba pamoja na huduma mbalimbali za Injili, akakaa kwa muda huku Afrika akishuhudia. Sauti ambayo watu wetu waliijua kwa wimbo wa kilio ilikuja barani kwao ikiwa na neno jingine. Baada ya zaidi ya mwaka mmoja Opry walimrudisha, akaendelea kuimba kule kwa miaka mingi.

Tusimfanye malaika. Aliolewa mara tatu, na ndoa zote tatu zikavunjika. Hayo aliyajua mwenyewe. Mwaka 1993 alichapisha kitabu cha maisha yake kiitwacho Bus Fare to Kentucky, yaani Nauli ya Basi ya Kwenda Kentucky. Wako watu ambao wakisikia habari za ndoa hizo watafunga redio. Twawasihi wasifunge bado. Katika kila ushirika wetu yumo mama ambaye ndoa yake ilivunjika, naye huketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili akiangaliwa vibaya apate kutoka. Ana sauti nzuri sana huyo mama. Hajaombwa kuimba tangu lini?

Mwaka 1988 Skeeter alipatikana na saratani ya matiti. Alitibiwa, akarudi jukwaani, ugonjwa ukamrudia. Alifariki Nashville tarehe 19 Septemba 2004, akiwa na miaka 72. Tangu ile ajali ya karibu na Cincinnati ilikuwa imepita miaka 51. Miaka 51 ya samadi shinani, ndugu zetu.

Yule kijana mwanakwaya tuliyemtaja amerudi kanisani. Hajarudi katika kwaya. Huketi na wazee upande wa dirisha, na wakati wa nyimbo midomo yake husogea. Mchungaji wake hamharakishi, nasi twamshukuru kwa hilo. Ninyi wengine mliotoka katika gari ambalo wenzenu hawakutoka, mkitaka mtu wa kukaa nanye, mwambieni mzee wa kanisa lililo karibu nanyi. Mwambieni mnataka mtu wa kuwasikiliza. Mahubiri yatakuja siku nyingine.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, twawaleta kwako walio barabarani usiku huu, na madereva ambao macho yao yamekuwa mazito. Waamshe. Twamleta kwako aliyebaki peke yake na hajui aanzie wimbo wapi. Kaa naye. Wale waliofungwa kwa sababu ya jina lako, wape mtu wa kuwataja mbele za watu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.